Tawi la Fundo

Anselmo Tabudlong hakuwa mtu wa kukaa. Mama yake, Basilisa, aliyekuwa akipika mikate ya mchele na kuiuza mbele ya kanisa, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanawe alizaliwa akiwa amechelewa mahali fulani, na tangu hapo yuko mbioni. Akiwa na miaka kumi aliingia uskauti shuleni, na huko ndiko alikopata pa kuitulizia haraka yake: kupiga hema, kufunga mafundo, kuvuka mto kwa kamba, kutoka na wenzake kila kimbunga kikipita kwenda kuezeka nyumba za wajane. Alivaa skafu kwa miaka saba. Kisha sekondari ikaisha, skafu ikakunjwa ikatiwa sandukuni, na Selmo, kama kila mtu alivyomwita, akaanza chuo pale Maasin kusomea kilimo, bila la kufanya baada ya saa kumi jioni.

Mwaka wa kwanza aliumaliza kwa kutembea. Angetoka darasani akatembea hadi gatini, akatazama meli ya Cebu ikifunga kamba, akarudi, akapanda hadi kwenye minazi juu ya mji, akarudi tena. Pale chuoni palikuwa na vyama viwili vya udugu vya wanafunzi. Vyote viwili vilikuwa na mabango, tembo la mnazi kila Ijumaa, na ugomvi wa mawe kati yao. Alialikwa kwenye vyote akakataa vyote, na watu wakaanza kumwona ana maringo.

Mwaka wa pili, katika gazeti kuukuu la maktaba, akasoma habari za udugu mwingine. Ulikuwa na jina la herufi tatu za Kigiriki ambazo hata wenyewe walizitamka kila mtu kwa namna yake, kwa hiyo waliuita Fundo, kwa sababu ya fundo la skauti lililochorwa kwenye beji yao. Hakuingia humo mtu ambaye hakuwahi kuwa skauti. Walikuwa na matawi katika vyuo vya Cebu na Manila, na kazi yao ilikuwa ile ile aliyoizoea, kutoka na kwenda kufaa watu. Selmo aliisoma habari hiyo akiwa amesimama. Barua aliiandika siku hiyo hiyo, akaipeleka mwenyewe melini.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Akaenda nalo moja kwa moja chumbani, kwenye nyumba ya kupanga, kwa mwenzake Narciso Oraiz. Siso alikuwa kijana mnene wa Macrohon, mcheshi, skauti wa zamani ambaye kwa miaka yote ile alifuzu mtihani mmoja tu, wa mapishi.

"Wanataka wanafunzi kumi na tano, wote waliokuwa skauti," Selmo akasema. "Wanataka mwalimu awe mlezi, na sahihi ya mkuu wa wanafunzi. Na kazi moja ya maana kwa watu, ya mwaka mzima. Tukimaliza, watakuja kutuapisha."

"Kumi na tano utawatoa wapi?"

"Chuo kina watu mia sita. Skauti hawakosi."

"Skauti wapo. Wa kuamka Jumamosi alfajiri ndio hawapo." Siso akajigeuza kitandani. "Haya, niandike. Lakini mimi napika. Kuchimba mashimo mtatafuta mtu mwembamba."

Mlezi alipatikana upesi. Mwalimu Perpetua Lumacang wa hesabu, mwanamke mfupi asiyecheka darasani, alisikiliza maneno matano ya kwanza akafungua mkoba, akatoa beji yake ya skauti wa kike iliyoanza kushika kutu. "Nilidhani nitazikwa nayo bila mtu kuniuliza," akasema. Tatizo lilikuwa mkuu wa wanafunzi, Bwana Hermogenes Villaruz.

Bwana Villaruz hakumkaribisha Selmo kiti. Aliisoma barua ya Cebu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Kabla ya hapa nilifundisha chuo kingine," akasema. "Kulikuwa na kijana mmoja, sura kama yako, naye hatulii. Aliingia udugu. Walimpiga kumwingiza. Asubuhi yake mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake. Nilimkuta anaanika mpunga barabarani. Nilipomwambia, unajua aliniuliza nini?"

"Sijui, mzee."

"Aliniuliza kama mwanawe alikuwa amekula."

Selmo alikosa pa kuweka mikono. Nje, wanafunzi walikuwa wakicheza mpira wa kikapu, na kila mpira ulipogonga sakafu aliusikia kifuani.

"Sisi ni skauti, mzee," akasema hatimaye. "Hakuna atakayeguswa."

"Andika."

Akaandika kwamba katika tawi la Fundo hakuna mwanafunzi atakayepigwa, kwa mkono wala kwa kitu, na kwamba litakalotokea atakuja kulisema mwenyewe. Akatia sahihi. Kisha, bila kuambiwa, akainua vidole vitatu kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi. Mzee akaifungia karatasi kwenye droo.

Kumi na tano walipatikana kwa miezi miwili. Selmo aliwafuata mabwenini, sokoni, hata kanisani. Kazi waliyoichagua ilikuwa daraja la Ilaya, kijiji kilicho juu ya mto, ambako watoto walivuka maji kwenda shule wakiwa wamebeba viatu kichwani, na mvua ikinyesha hawaendi kabisa. Kila Jumamosi walipanda huko kwa miguu, wakakata mianzi, wakasokota kamba za abaka, mmea wa nyuzi ulio kama mgomba, wakafunga. Mwenyekiti wa kijiji, Nang Tasya, mama wa miaka sitini mwenye ulimi, aliwaletea viazi vitamu akasimama kuwatazama.

"Mnafunga vizuri," akasema. "Kama mnasuka nywele. Mwanaume wangu angefunga ng'ombe hivyo tusingempoteza yule dume."

"Mama, mumeo naye angekuwa skauti," Siso akamjibu kutoka kwenye sufuria.

"Mume wangu hakuwa kitu. Alikuwa mzuri wa sura tu. Pakua wali."

Daraja lilisimama mwishoni mwa Novemba. Desemba mvua za wiki moja zikashusha mto mzima, na asubuhi moja Selmo akasikia sokoni kwamba daraja limeondoka. Hakuingia darasani siku hiyo. Alipanda Ilaya peke yake, akakuta nguzo mbili tu, zimeinama kama watu wanaotapika. Akashuka ukingoni akaanza kuvuta mianzi iliyonasa kwenye mizizi, mmoja mmoja, mpaka Nang Tasya akaja kumwambia aache, ataumwa.

"Watakuja Jumamosi," akasema.

"Wasipokuja?"

Akaendelea kuvuta. Walikuja kumi na watatu. Wawili walisema wana mitihani, na Selmo akawatafuta wengine wawili kabla ya Jumanne. Daraja la pili walilisimamisha juu zaidi, kwa nguzo za minazi, na Aprili lilikuwa limekamilika. Siku ya kwanza watoto walivuka wakakimbia kurudi wakavuka tena, na mwalimu wao akapiga kengele hadi akachoka.

Mei wakaja watu wa Cebu. Walikuwa watatu, na kiongozi wao aliitwa Wenceslao Ybañez, mwanafunzi wa sheria wa miaka mingi. Selmo alikwenda kuwapokea gatini saa mbili kabla ya meli. Kaka Wens alishuka na mfuko mrefu begani, akamkumbatia Selmo kama mtu aliyemlea. Alikula samaki wa siki kwa mama Basilisa akaomba tena. Alipelekwa Ilaya, akavuka daraja kwenda na kurudi, akashika fundo moja moja.

"Nimeapisha matawi manne," akasema walipokuwa wakishuka. "Sijaona kazi kama hii. Tabudlong, wewe ndiye utakuwa mkuu wa kwanza wa tawi hili, na hilo halina mjadala."

Selmo alitembea njia nzima bila kuhisi miguu.

Kuapishwa kulipangwa Jumamosi mchana, katika ghala la mbata la mjomba wake Siso, ukingoni mwa mji. Mwalimu Lumacang aliambiwa aje saa kumi, kwa ajili ya chakula. Saa nane vijana walijipanga, wamevaa mashati meupe na skafu zao za zamani, wengine zimewabana shingo. Kaka Wens akafunga mlango, akafungua mfuko wake mrefu. Ndani mlikuwa na kasia fupi la mbao ngumu, limepakwa mafuta, na majina yamechongwa mpini mzima.

"Mapigo kumi kila mmoja," akasema kwa upole. "Si adhabu. Mimi nilipigwa, aliyenipiga alipigwa. Ndilo fundo lenyewe. Mkuu wa tawi anaanza."

Selmo alihisi harufu ya mbata ikimpanda kichwani.

"Kaka Wens, niliandika. Kwa mkuu wa wanafunzi. Niliandika kwamba hakuna atakayepigwa."

"Mkuu wenu yuko hapa?"

"Hayupo."

"Basi nani atajua?"

"Mimi. Nilimpa neno la skauti."

Wens hakukasirika. Alimkaribia akamshika bega. "Mdogo wangu, hata mimi ni skauti. Najua neno ni nini. Lakini wewe umelitoa neno la nyumba ambayo bado hujaingia. Inama, yaishe, tukale."

Wenzake walikuwa wakimtazama. Mwaka mzima aliwaamsha, aliwavuta, aliwakemea, na sasa yeye ndiye aliyesimama kati yao na mlango. Siso akatoka kwenye mstari, jasho likimtiririka.

"Selmo, dakika tatu. Tumebeba minazi ya kuvunja mgongo, kasia ni nini? Dakika tatu, tawi ni letu."

"Siwezi."

"Hutaki."

"Nataka kuliko nyote. Siwezi."

"Basi sogea," Siso akasema, na sauti yake ikawa ngeni. "Anzeni na mimi. Nina nyama ya kutosha."

Selmo akafungua mlango akatoka. Watatu wakamfuata, wakaenda zao majumbani. Yeye hakuweza kwenda. Alilizunguka ghala, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kupitia mbao alisikia kila pigo, na baada ya kila pigo, ukimya mfupi. Akangoja asikie mtu akilia, ili awe na haki ya kuingia. Hakulia mtu. Alichosikia baada ya saa moja kilikuwa kicheko. Mlango ukafunguliwa wakatoka kumi na mmoja, wanatembea kama bata, wamekumbatiana, machozi na kicheko pamoja, na Selmo akaona kwamba hajapata kuwaona wakiwa na furaha kama ile, hata siku ya daraja.

Akamwendea Siso. "Jumatatu nitakwenda kumwambia."

Kicheko kikamkauka Siso usoni. "Hakuna aliyeumia."

"Naona."

"Sasa unamwambia nini?"

"Kilichotokea."

"Nenda," Siso akasema. "Ila usirudi chumbani."

Usiku huo na uliofuata alilala kwa mama yake. Mama Basilisa alisikiliza habari yote huku akiosha mchele.

"Ungenyamaza tu, mwanangu."

"Nikinyamaza nitalala vipi?"

"Kwani lini umelala?" Akamwaga maji. "Nenda basi. Lakini jua watakaokulipa si Cebu. Ni hawa unaoonana nao kila siku."

Jumatatu Bwana Villaruz alimsikiliza hadi mwisho. "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, mzee. Wanacheka."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Nilitia sahihi."

Mzee akafungua droo, akaitoa ile karatasi, akaisoma upya kana kwamba aliisahau. Selmo alikuwa amejiandaa kwa tawi kufungwa. Hakuwa amejiandaa kwa lililofuata: wale kumi na mmoja walisimamishwa mwezi mzima, na mwezi huo ulikuwa na mitihani. Kumi waliurudia muhula. Siso hakurudi. Baba yake alisema hana mtoto wa kusomesha mara mbili, akampa lori abebe mbata. Cebu waliandika barua ya mistari miwili kwamba majina ya wale kumi na mmoja yamo kwenye daftari la Fundo, na la Anselmo Tabudlong limefutwa kwenye maombi.

Miaka miwili iliyobaki chuoni aliitwa Kasuku. Hakuna aliyempiga wala kumtukana zaidi ya hapo. Walimpisha tu, kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, kama mtu aliyebeba kitu kibichi. Mwalimu Lumacang peke yake alimpa kazi ya kusahihisha madaftari, ili awe na pa kukaa. Alihitimu, akaajiriwa kuwa bwana shamba huko Sogod, akaomba uhamisho, akapelekwa Hinunangan, akaomba tena. Vituo vinne kwa miaka kumi na miwili. Alimwoa Ludivina, mwalimu wa shule ya msingi aliyemwambia waziwazi kwamba anaolewa naye ili aone nchi. Mahali pote alipofika alianzisha kitu, kitalu, kikundi cha skauti, mfereji, na kilipoanza kwenda chenyewe, akaanza kuangalia barabara.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu alipoitwa kufundisha udongo katika chuo kile kile cha Maasin. Bwana Villaruz alikuwa amestaafu, na kiti chake alikikalia Mwalimu Lumacang, nywele zimekuwa nyeupe. Wiki ya kwanza tu alimwita.

"Bado unalitaka lile tawi?"

"Hapana, mwalimu."

"Vizuri. Kuna wanafunzi wamekuja kuniuliza habari zake. Nitawaambia hakuna mtu."

Selmo alifika mlangoni akarudi. "Waambie waje Alhamisi."

Aliwaandikia Fundo, na barua iliyorudi kutoka Manila ilisema mambo mawili. La kwanza, kasia lilikuwa limepigwa marufuku miaka sita nyuma, kwa maandishi, baada ya kijana wao mmoja kufa katika tawi jingine; atakayelishika anafukuzwa. Selmo aliisoma sehemu hiyo mara nyingi, wala hakujisikia mshindi. La pili, tawi jipya lazima lidhaminiwe na wanachama watatu wa jimbo hilo. Ikafuata orodha ya wanachama wa jimbo. Ilikuwa na majina kumi na moja, na la kwanza lilikuwa la Narciso Oraiz.

Alimkuta Macrohon, uani, akipakia magunia. Siso alikuwa amenenepa zaidi, ana kipara, na wasichana wawili wadogo waliokaa juu ya lori kama kuku. Hakuacha kupakia.

"Kasuku," akasema.

"Siso."

"Miaka kumi na minne. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka sahihi yako."

Siso akalitua gunia akacheka, kicheko kisichopendeza. "Wewe na sahihi." Akaipokea barua, akaisoma akisogeza midomo, akafika kwenye kasia akasimama hapo. Akaketi juu ya gunia.

"Ningekuwa injinia," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nilikuchukia kwa ajili ya mwaka ule, lakini mwaka ule uliisha. Watoto wanakula, lori ni langu. Kilichobaki ni kingine. Mwaka mzima ulituamsha, Selmo. Tulikufuata mtoni, tulikufuata kwenye mvua. Siku ile ukatoka ukatuacha ndani."

"Sikuondoka. Nililizunguka ghala. Nilisikia yote."

"Nilijua. Nilikuona kwenye ufa wa mbao, unapita, unapita tena. Nilisema moyoni, akiingia sasa hivi nitainuka nitoke naye. Kila ulipopita nilisema hivyo."

Katika miaka yote hiyo Selmo alikuwa amejiuliza kama alikosea kwenda kwa mkuu, na jibu lilikuwa daima hapana. Hili hakuwa amejiuliza.

"Ningeingia," akasema. "Ningeweza kuingia."

"Ungeweza." Siso akajifuta uso kwa fulana. "Leta kalamu. Na wawili wengine nitakutafutia mimi, wewe wakikuona watafunga milango."

Tawi liliapishwa Februari, asubuhi, katika ukumbi wa chuo, milango yote wazi. Vijana kumi na wanane, saba wao wasichana, jambo ambalo Siso alilitazama kwa mashaka mpaka mmoja wao alipomshinda kufunga fundo la nguzo. Siso ndiye aliyesoma kiapo, kwa shati lililokataa kufungika tumboni. Kisha akatangaza kwamba kwa kanuni mpya hata mlezi anaweza kuapishwa, akamwita Mwalimu Tabudlong mbele. Selmo alikuwa karibu na dirisha, amesimama. Ludivina akamsukuma. Akapanda jukwaani akainua vidole vitatu, akarudia maneno nyuma ya Siso, na alipofika katikati akayasahau, Siso akamnong'onezea.

Katika wale kumi na mmoja walikuja watano. Mmoja alipeana mkono na kila mtu ukumbini akampita Selmo, na mpaka leo wakikutana sokoni humpita. Wens aliandikiwa barua mbili Cebu, hakujibu. Wali ulipopakuliwa, yule msichana aliyemshinda Siso alimjia Selmo na sahani, akamuuliza tawi linaanza na kazi gani.

"Kula kwanza," Siso akamwambia msichana. "Huyu ukimuuliza hilo hutakula."

Lakini Selmo alikuwa ameshatoa karatasi mfukoni.